Kuzirudisha 9 na 27 kwenye 3

Chini ya mtaala wa 8-4-4 wa Kenya, mwanafunzi wa kidato cha pili, awe Kocholia, Malaba au Busia mjini, alipewa mlinganyo kama huu na kuambiwa aufumbue bila kikokotoo wala majedwali:

9ˣ⁺¹ = 27ˣ⁻²

Misingi miwili, 9 na 27, haifanani, kwa hiyo vipeo vyake bado havilinganishiki. Ni kama shilingi za Kenya na za Uganda pale mpakani: huwezi kusema fungu lipi ni kubwa kabla ya kuyageuza yote yawe sarafu moja. Ila bei ya sarafu hupanda na kushuka, ilhali 9 ni 3² na 27 ni 3³ siku zote.

Basi andika (3²)ˣ⁺¹ = (3³)ˣ⁻². Hapa ndipo kalamu huteleza. Kipeo cha ndani huzidisha kipeo chote cha nje, si x peke yake. Anayeandika 2x + 1 = 3x − 2 hupata x = 3, na jibu hilo huanguka likijaribiwa: 9⁴ ni 6,561, lakini 27¹ ni 27 tu. Sahihi ni 2x + 2 = 3x − 6, yaani x = 8, na kila upande unakuwa 3¹⁸. Natamani kila mwalimu adai uhakiki huu, hata pale mtihani usipoudai.

Lakini kwa nini tunaruhusiwa kuiacha 3 na kubaki na vipeo? Kwa sababu kipeo cha 3 kikiongezeka, thamani hupanda bila kurudia ilikopita. Namba 1 haina sifa hiyo: 1⁴ = 1⁹, na 4 si 9. Mwanafunzi anayefundishwa kanuni bila sababu hii amenyimwa nusu ya somo.

Mtego mkubwa zaidi ni huu: 3ˣ⁺¹ + 3ˣ = 36. Msingi tayari ni mmoja, na wengi hukimbilia kujumlisha vipeo. Vipeo hujumlishwa pale namba zinapozidishwa. Hapa toa 3ˣ nje: 3ˣ(3 + 1) = 36, hivyo 3ˣ = 9, na x = 2.

Ikiwa ni 3ˣ = 10, mbinu hii haifiki. x iko kati ya 2 na 3, na kazi inahamia kwa logi, wazo alilolichapisha John Napier mwaka 1614. Kwa logi za msingi wa 10, logi ya 10 ikigawanywa kwa logi ya 3 ni 1 ÷ 0.4771, takriban 2.096.