"Salaam aleikum": Kiarabu au Kiswahili?

Katika mtihani mmoja tuliwataka wanafunzi wataje salamu tatu za Kiswahili na kueleza matumizi yake. Mmoja wao, mzaliwa wa Kasongo, alianza na "salaam aleikum". Tuliikata kwa wino mwekundu: "Ni Kiarabu." Alipokuja kudai alama zake aliuliza jambo moja tu: neno "salamu", lililomo katika swali lenyewe, limetoka wapi?

Swali hilo latulazimu kuuhakiki mtindo wa vitabu vya kufundishia vinavyopima neno kwa asili yake peke yake. Kwa kipimo hicho "habari", "salama" na hata "marahaba" zingefukuzwa.

Tofauti ya kweli imo katika umbo na matumizi. "Salamu" imekwisha kuwa kitu: hutumwa, hupelekwa, hupokewa, na hukubali upatanisho wa ngeli (salamu zangu, salamu nyingi). Kando yake twapata salimu, salimia, salimiana. "Salaam aleikum" hainyumbuliki hivyo. Kiambishi -kum ni cha wingi, lakini husemwa hata kwa mtu mmoja, wala msemaji hahitaji kukichambua. Ndiyo maana tafsiri ya "amani iwe juu yenu", ingawa yafuata maneno ya Kiarabu, haimfai sana mwanafunzi. Kinachomfaa ni kanuni zake: aliyepanda mnyama humwanza atembeaye, atembeaye humwanza aliyeketi, wachache huwaanza wengi. Kujibu ni wajibu. Jibu hugeuza mpangilio, "waaleikum salaam", nalo liwe sawa na salamu au bora zaidi, kwa kuongeza rehema na baraka. Hayo ndiyo sarufi yake, na tafsiri haiyagusi.

Tippu Tip alipofanya makao yake Kasongo katika miaka ya 1870, Kiswahili na Uislamu vilifika Maniema kwa njia moja. Vita vya 1892–1894 viliuvunja utawala wa wafanyabiashara hao. Salamu yao ilibaki midomoni mwa Waislamu wa huko. Mtoto aliyelelewa kati yao huipokea pamoja na Kiswahili chake, hakuiazima mahali pengine.

Haifuati kwamba yafaa kwa kila mtu. Ni dua ya Waislamu kabla ya kuwa adabu ya mtaa, na asiyelijua hilo huweza kuitamka mahali isipotarajiwa. Basi tulimrudishia mwanafunzi alama ya kutaja. Ya matumizi hatukumpa, kwa kuwa hakueleza husemwa na nani, kwa nani.