Mbona Bibi Umemtoa Amepauka?

Fanani wa ngano ana haki ya kuruka. Akisema "akaenda, akaenda, akaenda", safari ya siku saba imekwisha, na hakuna msikilizaji anayedai aoneshwe mito yote iliyovukwa. Fanani ameruka njia kwa sababu anajua hadithi haiko njiani. Lakini hawezi kuruka uso wa zimwi mlangoni, wala wimbo wa mtoto aliyefichwa ndani ya ngoma. Hapo anapunguza mwendo, anashusha sauti, anatutazama.

Nataka kuiuliza mashine swali hilohilo. Programu inayochora uso wa mtu kwa sekunde chache inaruka nini? Na inaporuka, inajua hadithi iko wapi?

Programu ninayoizungumzia ni Eevee, injini ya haraka iliyomo ndani ya Blender. Kwa asiyeijua: Blender ni programu ya bure ya kuunda vitu vya pande tatu, kuanzia kikombe hadi filamu nzima. Ilizaliwa Uholanzi miaka ya 1990 kama chombo cha ndani cha studio moja, na mwaka 2002 watu wanaoipenda walichanga euro 100,000 ili iwe huru kwa kila mtu. Ukishaunda umbo, ukalivika ngozi na kuliwekea taa, unairuhusu kompyuta ikokotoe mwanga na kukutolea picha kamili. Kazi hiyo ndiyo wachoraji wanaiita kurenda. Blender ina injini kubwa mbili za kurenda. Cycles, ya tangu 2011, hufuatilia miale ya mwanga inavyogonga kitu, ikadunda, ikagonga kingine. Eevee ilikuja na toleo la 2.80, Julai 2019, ikiwa na mbinu za michezo ya kompyuta: haifuatilii safari nzima ya mwanga, inakadiria. Ndiyo maana ukisogeza taa, picha inabadilika hapohapo mbele ya macho yako.

Nimeitumia hapa Singida Mjini kwa muda wote ambao ilinipasa niwe naandika tasnifu ya umahiri. Tasnifu yangu inahusu ngano, na nusu ya ngano zenyewe nilizirekodi kwa bibi mzaa mama. Sauti yake ninayo, saa kadhaa. Sura yake sina. Alituachia picha moja tu, ya pasipoti, iliyopigwa studio miaka mingi iliyopita. Ndani yake kitambaa cha kichwani kinaonekana vizuri, kola ya gauni inaonekana vizuri, ukuta mweupe nyuma yake unang'aa. Uso ni kivuli chenye macho mawili. Nilitaka sauti ile ipate uso, wajukuu wadogo wanaposikiliza wamwone mtu anayesema nao. Kamera ilikwisha mruka mara moja. Nilitaka kujua kama kompyuta nayo itamruka.

Umbo la kuanzia nilitoa katika MakeHuman, programu nyingine ya bure ya kutengeneza miili ya watu. Ina kitelezi cha umri, cha unene, cha urefu, na kimoja cha Afrika. Ukikisukuma hadi mwisho unapata Mwafrika. Mwafrika yupi, hakisemi. Nenda mnadani ukawatazame Wanyaturu, Wanyiramba na Wabarabaigi wanaopatana bei ya mbuzi, halafu uniambie wote wametoka kwenye kitelezi kimoja. Cheekbones za bibi, kama Waingereza wanavyoziita, sisi tunasema tu mifupa ya mashavu, nilizichonga kwa mkono, usiku hadi usiku, kwa kukumbuka na kwa kumtazama mama yangu.

Kisha nikaanza kurenda. Nilimkalisha juu ya jiwe, moja ya yale majabali ya kijivu yaliyotapakaa mji huu kana kwamba mtu aliyamwaga. Mbele yake nikaweka Ziwa Singidani, maji yake ya chumvi yakiwa meupe chini ya jua la saa kumi na moja jioni. Jua likampiga kutoka kushoto. Kompyuta yangu mpakato ni ya mtumba na haina kadi ya michoro ya maana, lakini picha ilitoka baada ya sekunde 12. Jiwe lilikuwa jiwe kweli. Kitambaa kilikuwa kitambaa. Nilimwonesha mama mdogo, aliyekuja kutusalimia siku hiyo. Akaitazama kwa muda, kisha akasema:

"Mbona Bibi umemtoa amepauka?"

Sijasoma uhakiki wa picha za kompyuta ulio sahihi kuliko sentensi hiyo. Kwetu mtu hatoki nyumbani amepauka. Mtoto haendi shule kabla hajapakwa mafuta magotini. Ngozi iliyopauka ni ngozi isiyotunzwa, na mtu aliyeachwa apauke ni mtu asiye na wake. Mama mdogo hakusema rangi si yenyewe. Rangi nilikuwa nimeipata. Alichokosa ni mng'ao, na pamoja na mng'ao alikosa heshima.

Hapa inabidi tuingie kwenye ufundi kidogo. Mwanga ukigonga ngozi, sehemu yake hurudi palepale juu, kama kwenye maji. Huo ndio mng'ao. Sehemu nyingine huingia ndani, hutawanyika, kisha hutoka ikiwa na wekundu wa damu. Katika ngozi nyeupe, ule mwanga uliozama na kutoka ni mwingi, ndiyo maana masikio ya Mzungu huwaka akisimama mbele ya jua. Katika ngozi nyeusi, mwanga mwingi unaoingia hubaki humo. Macho yetu basi husoma umbo la uso mweusi kwa kutegemea zaidi mng'ao wa juu: mstari wa pua, kilima cha shavu, ukingo wa paji. Mwaka 2020 Theodore Kim, mtaalamu wa michoro ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba fani yake imetumia miaka mingi kuiga ule mwanga unaozama na kuuita ufumbuzi wa ngozi ya binadamu, ilhali ni sifa inayoonekana zaidi kwa Wazungu. Alisema mambo kama hayo kuhusu nywele: hesabu nyingi za nywele zilianzia kwenye nywele zilizonyooka.

Hoja ya Kim inahusu kile kilichochaguliwa kuigwa. Baada ya miezi hii na Eevee, naiongezea nyingine: tutazame pia kile kinachotupwa kwanza pale kasi inapohitajika. Kinachotupwa ni mwanga unaodunda na kuakisi. Eevee huakisi hasa kwa kutazama picha iliyokwisha kuichora kwenye skrini. Kitu kikiwa nje ya fremu, hakina cha kuakisiwa. Katika matoleo ya mwanzo hata uakisi huo ulikuwa umezimwa mpaka mtumiaji auwashe. Toleo la 4.2, la Julai 2024, liliandika upya sehemu kubwa ya injini na kuboresha mambo mengi, lakini tabia ya kuangalia skrini kwanza imebaki.

Sasa rudi kwenye picha yangu. Ziwa lilikuwa mbele ya bibi, kwa hiyo lilikuwa nyuma ya kamera. Kwa Eevee, Singidani haikuwapo. Ule weupe wa maji ambao kila jioni huwapanda usoni watu wanaokaa ufukweni, ukajaza vivuli chini ya macho na kuweka nukta ya nuru katika kila jicho, ulirukwa ili mimi nipate picha kwa sekunde 12. Mtu mweupe akikalishwa pale angepoteza kidogo, kwa sababu ngozi yake inabeba nuru nyingine ya akiba. Bibi alipoteza uso.

Ongeza na mipangilio ya kuanzia. Katika Blender, kila kitu kipya kinazaliwa na rangi ya kijivu cheupe, 0.8 pale ambapo nyeupe kamili ni 1. Ukavu wake unazaliwa ukiwa 0.5, katikati, si kung'aa wala kuparara. Namba hizo hazina chuki na mtu. Ni namba za mtu aliyelazimika kuchagua namba. Lakini mchoraji anayejifunza peke yake usiku huziacha kama zilivyo, na ukavu wa 0.5 juu ya ngozi nyeusi una jina kwa Kiswahili. Mama mdogo alishalitaja.

Tiba ipo, na ni ya zamani kuliko kompyuta. Mpiga picha yeyote wa harusi hapa mjini ana kijana wa kumshikia kibao cheupe karibu na uso wa bibi harusi. Ava Berkofsky, aliyepiga picha za tamthilia ya Kimarekani ya Insecure, alieleza mwaka 2017 jinsi ngozi za waigizaji wake zilivyopakwa mafuta ili zirudishe mwanga, kisha wakawekewa kitu cheupe cha kuakisi. Ni maarifa ya mama zetu, yakitoka kwa mwendesha kamera. Nami nilifanya hivyohivyo. Nilipunguza ukavu kwenye paji la uso, pua na mashavu, nikauacha juu shingoni na mikononi. Mahali pa ziwa nikatandika taa moja pana, ya rangi ya maji yale, ikimtazama kutoka chini. Eevee hailioni ziwa, lakini taa inaiona. Nukta mbili zikaingia machoni. Bibi akawa anatutazama.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini usitumie Cycles, ambayo ingeliona ziwa yenyewe? Nilijaribu. Katika picha ya Cycles weupe wa maji ulimfikia bila taa ya kuazima, na vivuli vya chini ya macho vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Lakini picha hiyo moja ilichukua dakika 11. Dakika moja ya filamu ina fremu 1,440. Kwa Cycles, kwenye mashine yangu, hizo ni siku 11 za kompyuta kutozimwa usiku na mchana, katika chumba ambacho umeme ukikatika betri inadumu saa moja na nusu. Kwa Eevee ni chini ya saa tano. Kwa watu wa kipato changu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi ipo au haipo.

Kuna jambo la pili, na kwa mhakiki ni kubwa zaidi. Taa ile ya ziwa niliihamisha labda mara mia mbili kabla haijakaa. Kila mara nilipoisogeza niliona uso ukibadilika, nikaanza kuelewa kitu ambacho sikufundishwa popote: uso wa bibi unaishi kwa nuru ya aina gani. Injini ya polepole ingenipa jibu bora bila kunifundisha swali.

Filamu iliyoipa Eevee sifa kubwa kuliko zote ni Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender na kushinda Oscar ya filamu bora ya uhuishaji Machi 2025. Nimeitazama mara tatu. Maji yake, mwanga wake na paka wake havidanganyi, na manyoya yamepakwa kama brashi ili yasijifanye halisi. Zilbalodis aligeuza mapungufu ya injini kuwa mtindo, kama fanani anavyogeuza pumzi fupi kuwa mkato wa sentensi. Lakini hakuna binadamu hata mmoja katika Flow. Ushindi mkubwa wa kurenda kwa haraka haujatuonesha uso wa mtu, sembuse uso mweusi.

Kwetu Afrika Mashariki, katuni tulizokua nazo, kama Ubongo Kids ya Dar es Salaam iliyoanza 2014, ni za michoro bapa. Humo mchoraji akitaka uso wa kahawia anapaka kahawia, mambo yamekwisha. Katika pande tatu rangi haipakwi tu. Inapatikana kwa makubaliano kati ya ngozi na mwanga. Raymond Malinga wa Kampala na wenzake walikwisha kuingia kwenye makubaliano hayo na A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, wakiwa studio. Sasa chombo kimewafikia watu wasio na studio, katika miji kama huu. Ni habari njema, na mimi ni shahidi wake. Lakini chombo kimefika na mazoea yake.

Uamuzi wangu, basi: itumie Eevee. Ni ya bure, ina kasi, na inamvumilia mtu mwenye mashine dhaifu. Fanani huruka kwa kuwa anawajua wasikilizaji wake. Eevee huruka bila kukujua, kwa hiyo kazi ya kujua imebaki kwako. Kabla hujagusa taa ya kwanza, jiulize nini kiko nyuma ya kamera: ziwa, ukuta wa chokaa, shuka nyeupe kambani. Kirudishe kwa mkono. Kisha mpake mafuta huyo uliyemuumba, kama unavyompaka mtoto asubuhi, ndipo umtoe kwa watu.