Hongo wa Kitabuni na Hongo wa Mtoni

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa mwaka 1969, imehakikiwa mara nyingi kama kazi ya historia ya Vita vya Majimaji, au kama mjadala juu ya umoja. Ni mara chache imesomwa kama hadithi ya mto. Mwanafunzi wa Bungu, wilayani Kibiti, akiifungua hukutana na simulizi ambayo mzizi wake hauko mbali na kwao: Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyechukuliwa na Hongo, mzimu wa majini, akazama dimbwini, akaibuka nguo zake zikiwa kavu. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905. Ngarambe na Mohoro zote ni za Rufiji, wilaya ambayo Kibiti ilimegwa kwayo.

Hussein anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, si yule wa historia, na uhuru huo ameutumia vyema. Katika tamthilia, nabii anatambua kwamba Hongo ameahidi watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, na hapo shaka inamwingia: je, mtawala mmoja afukuzwe ili mwingine apate kuingia? Msomaji wa visiwani hawezi kuipita sehemu hiyo bila ya kusita. Kwa shaka hiyo, maji yanageuka kuwa neno, na neno likishatoka halimrudii mwenyewe. Ndiyo maana mwishoni, ijapokuwa yu mikononi mwa adui, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya tamthilia, na hapo pia ndipo ilipo hasara yake. Maji yakishakuwa neno, mto hauhitajiwi tena. Hongo wa jukwaani angeweza kutoka katika mto wowote. Mzimu wa simulizi hana uhuru huo, kwani ana dimbwi lake na watu wake. Wanavajo wa Marekani wanalielewa vyema jambo hili. Kwao hadithi za mbweha husimuliwa majira ya baridi tu, na masimulizi ya asili yao yamefungamana na milima minne mitakatifu inayoizunguka nchi yao. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga kwa miguu hadi Bosque Redondo. Mwaka 1868, kwa mkataba, wakaruhusiwa kurejea katika sehemu ya nchi hiyo. Waliporudi, hadithi ziliikuta milima yake.

Rufiji nayo ina uhamisho wake. Bondeni, familia zilikesha katika madungu, vibanda vya nguzo ndefu vilivyosimama mashambani, zikilinda mpunga na mahindi yasiliwe na wanyama. Mkesha wa namna hiyo hauendi bila ya hadithi. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wa bonde na kuwapeleka katika vijiji vya maeneo ya juu. Kwa hiyo, katika kipindi kilekile Hongo alipoingia kitabuni, watu wa mto walikuwa wakitolewa mtoni. Hussein hakulipanga hilo, lakini mhakiki hana budi kuyaweka mambo haya mawili pamoja: kitabu kililihifadhi neno wakati mahali pa kulisemea palipokuwa pakipungua. Hata hivyo, wengi waliendelea kuteremka bondeni msimu wa kilimo, na dungu halikufa.

Kosa, basi, si la mwandishi. Kosa ni la usomaji unaoiweka tamthilia mahali pa simulizi, kana kwamba hadithi ikishachapwa imekwisha kusemwa. Darasani huulizwa dhamira na wahusika. Haiulizwi ni nani nyumbani anayeijua hadithi hii, na huisimulia wakati gani. Mwanafunzi wa Bungu akiulizwa hivyo, huenda kesho yake akaja na Hongo asiyefanana na wa Hussein. Mwalimu asimsahihishe. Tamthilia yenyewe inadai kwamba neno huishi kuliko aliyelitamka, na dai hilo haliwezi kuthibitishwa na kitabu peke yake.