Macintosh 128K: Bodi Ilikubali, Bosi Akakataa

Mjadala wa kompyuta za mwanzo ukizuka tu, watu hukimbilia kipanya na madirisha. Sawa, programu ya michoro ya Bill Atkinson, mhandisi wa Apple, ilikuwa kazi safi. Tupite. Mimi nina ugomvi na bodi ya sakiti, maana hapo ndipo mnunuzi wa Macintosh ya Januari 1984 alipopigwa.

Chipu 16 za kilobiti 64, zote zimelehemiwa: ndiyo RAM yote, kilobaiti 128. Skrini ya nukta 512 kwa 342 ilijimegea karibu kilobaiti 22 kabla hujaandika herufi. Mfumo nao ukachukua chake. Makombo yakawa yako wewe uliyetoa dola 2,495. Mnakumbuka kunakili disketi kwa kiendeshi kimoja: mashine inatema hii, unaingiza ile, inatema ile, unarudisha hii, mpaka unajuta kuanza, kwa sababu RAM haikuwa na pa kushikia data ya kutosha kwa mkupuo mmoja.

Kinachoudhi ni kwamba aliyechora bodi aliliona hili mapema. Burrell Smith alitaka nafasi moja tu ya kadi ya nyongeza. Bosi wa mradi, Steve Jobs, akakataa. Smith akaja na hila ya kupitisha nyaya chache za ziada kwenye bodi, ili chipu za kilobiti 256 zikishuka bei, fundi mwenye chuma cha kulehemu aweze kuzibadilisha. Gharama yake senti tu. Jobs akapinga tena: hakutaka mteja aguse ndani, na alipenda zaidi anunue mashine mpya. Smith akaziacha nyaya zake kimyakimya. Kasha likafungwa kwa skrubu za Torx, mbili zikiwa zimezama ndani ya mshiko ambako bisibisi ya kawaida haifiki.

Septemba mwaka uleule ikatoka Macintosh 512K. Chipu ni 16 vilevile, ila za kilobiti 256! Miezi minane haijatimia. Januari 1985 jarida la Dr. Dobb's likachapisha namna ya kubadilisha chipu hizo mwenyewe, na waliothubutu wakazikuta nyaya za Smith zikiwasubiri.

Steve Wozniak, mwasisi mwenza wa Apple, asingekubali upuuzi huu. Kwenye Apple II ya 1977 Jobs huyohuyo alitaka nafasi mbili, moja ya printa na moja ya modemu. Wozniak akagoma, zikawa nane. Mwaka 1978 ikaingia kadi ya Disk II, mwaka 1980 ikaja SoftCard yenye prosesa ya Z80, na mashine ya michezo ikaendesha CP/M, mfumo endeshi wa maofisini. Ukoo wa Apple II uliuzwa hadi 1993. Hata IBM, ambao sijawahi kuwasifia kwa ubunifu, waliipa PC yao ya 1981 nafasi tano.

Nitaambiwa mtu wa kawaida hafungui kasha. Huo ndio wimbo wanaouimba hadi leo wanaotuuzia kompyuta mpakato zenye RAM ya kulehemiwa. Lakini Apple yenyewe ilibadili msimamo upesi. Jobs na Smith wote waliondoka Apple mwaka 1985. Januari 1986 ikaja Macintosh Plus, RAM ya kuchomeka hadi megabaiti 4, na mwaka 1987 Macintosh II, kasha linalofunguka na nafasi sita za kadi.