Kuipima Kazi ya Fundi Bomba: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba

Katika ujenzi wa nyumba hakuna kazi inayofichwa mapema kama kazi ya bomba, wala inayolaumiwa kwa kuchelewa kama hiyo. Rangi iliyopakwa vibaya huonekana siku ileile, na mlango uliopinda hujitangaza kila unapofungwa, lakini bomba la maji hulazwa ukutani, likapigwa plasta, likafunikwa vigae, na kosa lake huja kujitokeza baada ya miaka miwili au mitatu kwa sura ya doa la unyevu ambalo mwenye nyumba hulidhania kuwa ni mvua. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuijua kazi nzuri hana budi kujua atazame wapi na lini, kwani sehemu kubwa ya kile kinachostahili kutazamwa huonekana kwa siku chache tu kati ya kulazwa kwa mabomba na kuchanganywa kwa mchanga wa plasta.

Kigezo kinachofuatwa hapa ni kimoja: kazi njema ya bomba ni ile iliyofanywa na fundi aliyeifikiria siku ya kuharibika kwake. Unyofu wa mabomba na ung'avu wa koki vina thamani yake, ila ni mambo ya pili, kwa kuwa mfumo wowote wa maji utachakaa, na tofauti kati ya fundi stadi na fundi wa kubahatisha huonekana pale koki moja inapoharibika na kujulikana kama itabadilishwa kwa spana au kwa nyundo na tindo.

Kwa miaka mingi nyumba za Afrika Mashariki zilitumia mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki ili yasishike kutu, ambayo viungo vyake hukatwa meno na kufungwa kwa katani iliyopakwa rangi, na fundi aliyejifunza kazi katika zama hizo hutambulika hata leo kwa namna anavyoizungusha katani kufuata mwelekeo wa meno. Mabomba hayo ni imara yanapogongwa, lakini mahali penye maji ya chumvi, kama vile katika visima vingi vya mwambao, tabaka la zinki huliwa upesi, kutu ikajijenga ndani, na bomba la inchi moja likabaki na tundu la kupitisha penseli. Ndiyo maana nafasi yake imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na PPR, yaani plastiki ngumu ambayo viungo vyake huyeyushwa na kushikanishwa kwa joto bila gundi wala meno.

Bomba la PPR husomwa kabla ya kununuliwa. Ubavuni mwake huwa pameandikwa kipenyo cha nje, unene wa ukuta na daraja la shinikizo, linaloanza na herufi PN. Bomba la milimita 20, ambalo mafundi huliita nusu inchi, huwa na ukuta wa milimita 2.8 katika daraja la PN 16 na milimita 3.4 katika daraja la PN 20. Tofauti hiyo ya sehemu ya milimita ndiyo tofauti ya bei, na ndiyo pia sababu ya baadhi ya mafundi kupeleka maji ya moto katika bomba lisilostahili, kwa vile plastiki hupoteza nguvu kadiri joto linavyopanda na bomba linalovumilia maji baridi kwa miongo linaweza kuchoka mapema likipitisha maji ya nyuzi 60. Mstari mwekundu au wa bluu uliochorwa kwenye bomba hausemi lolote juu ya unene wake. Kinachosema ni maandishi na kipimo cha rula. Aidha, PPR ya kawaida haivumilii jua, na bomba linaloachwa wazi juu ya paa bila kuvikwa kitu hukauka likawa kama bua.

Kiungo cha PPR ndipo penye siri yote ya kazi hii. Fundi huwasha mashine ya kuchomelea hadi ifike nyuzi joto 260 hivi, huingiza ncha ya bomba upande mmoja na kiungio, kwa mfano elbo au soketi, upande wa pili, husubiri, kisha huvitoa na kuvisukumiza pamoja kwa mkono ulionyooka bila kuvizungusha. Kwa bomba la milimita 20 muda wa kuyeyusha ni sekunde 5, na kwa bomba la milimita 25 ni sekunde 7, na fundi makini huwa amekwisha kuweka alama ya penseli kwenye bomba, milimita 14 hivi kutoka ncha kwa lile dogo, ili ajue mahali pa kuishia. Kiungo kilichofanywa vizuri huonyesha pete mbili nyembamba za plastiki iliyofura, zimezunguka bomba lote kwa unene uleule na kugusana bila pengo. Pete iliyonenepa upande mmoja na kukonda upande mwingine huonyesha kuwa bomba liliingizwa likiwa limepinda; pete iliyovimba kupita kiasi huonyesha kuwa plastiki iliachwa motoni au ilisukumwa mno.

Hata hivyo, pete ya nje haitoshi kuwa ushahidi, kwani kinachofanyika ndani ya kiungo hakionekani. Njia ya uhakika, ambayo inagharimu elbo moja na dakika kumi, ni kumwomba fundi achomelee kiungo cha majaribio kabla ya kuanza kazi, kisha kikipoa akikate kwa msumeno kwa urefu wake. Katika kiungo kizuri mpaka kati ya bomba na elbo hautambuliki, bali huonekana plastiki moja iliyoshikamana, na tundu la katikati limebaki wazi kama lilivyokuwa. Katika kiungo kibaya mstari wa utengano huonekana kama nywele, au plastiki iliyoyeyuka imejikunja kwa ndani ikaziba nusu ya njia, jambo ambalo baadaye litamfanya mwenye nyumba ailaumu mamlaka ya maji kwa presha ndogo ilhali kizuizi kimo ukutani mwake. Fundi anayejiamini hachukizwi na ombi hilo, na anayechukizwa amekwisha kutoa jibu.

Baada ya viungo hutazamwa mpango mzima, na hapa kigezo cha siku ya kuharibika hujidhihirisha waziwazi. Kila bafu na jiko lapaswa kuwa na koki yake ya kufungia, mbali na koki kuu ya nyumba, ili sinki moja linapotengenezwa watu wengine wasikose maji. Kando ya pampu, tangi na hita pawe na yunioni, yaani kiungio cha vipande viwili kinachofunguka kwa spana bila kukata bomba. Koki iliyozikwa nyuma ya kigae bila kifuniko, au yunioni iliyopigwa plasta juu yake, ni makosa ya watu wanaojua kufunga na hawajui kufungua. Mabomba ya ukutani yapande wima au yaende mlalo, yasikate kona, kwa sababu atakayetoboa ukuta miaka kumi baadaye ili atundike kabati hana ramani nyingine isipokuwa mahali ilipo koki. Picha zilizopigwa kwa simu kabla ya plasta, huku tepu ya kupimia imewekwa ukutani, zina faida kuliko michoro mingi ya ramani.

Kisha huja jaribio la presha, ambalo ndilo mtihani halisi. Ncha zote huzibwa, mfumo hujazwa maji hadi hewa yote itoke, na pampu ndogo ya mkono yenye geji hutumika kuongeza shinikizo hadi kufikia mara moja na nusu ya lile la matumizi. Sindano ya geji itashuka kidogo mwanzoni, kwa sababu plastiki hutanuka, na fundi ataongeza tena. Baada ya hapo haipaswi kushuka. Kufungulia maji ya simtanki na kutazama kama kuna mahali panapovuja si jaribio, kwa kuwa tangi lililo mita 10 juu ya koki hutoa shinikizo la bar 1 tu, na la mita 3 hutoa bar 0.3, kiasi ambacho hata kiungo kibovu hukistahimili kwa muda. Plasta isipigwe kabla ya sindano kusimama.

Kuhusu simtanki hakuna mengi ya kusema ila kwamba lita 5,000 za maji zina uzito wa tani 5, na mnara unaolibeba hukadiriwa kwa uzito huo, wala si kwa wepesi wa tangi tupu lilipokuwa likipandishwa na vijana wawili. Bomba la kutolea maji liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili tope lisishuke nyumbani, na bomba la kumwagia maji ya ziada litokeze mahali linapoonekana, ili boya likiharibika lijulikane asubuhi hiyohiyo na si kwa bili ya mwisho wa mwezi.

Maji taka yana kanuni zake. Bomba la inchi 4 linalotoka chooni huhitaji mteremko wa sentimita 2.5 hivi kwa kila mita, na kila kona pamoja na kila makutano ya chini ya ardhi huhitaji chemba, yaani shimo dogo lenye kifuniko linaloruhusu kuzibuliwa. Unyofu wa bomba kati ya chemba mbili hupimwa kwa tochi na kioo: tochi ikimulikwa upande mmoja, anayetazama upande wa pili aone duara kamili la mwanga, akiona mwezi mwandamo, bomba limezama au limepinda. Ndani ya nyumba, kila sinki na kila tundu la sakafu lapaswa kuwa na mtego wa maji, yaani kiwiko kinachobakiza kina cha maji cha angalau milimita 50 ili kuzuia harufu na wadudu, na mfumo uwe na bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Mlio wa gulugulu katika sinki kila choo kinapoflashiwa una maana kwamba hewa inavutwa kupitia mtego, na hakuna dawa ya harufu itakayotibu kasoro hiyo.

Katika miji ya baridi kama Njombe, Arusha na Limuru, na siku hizi hata mwambaoni, mfumo wa maji huambatana na hita, na hapo kasoro huacha kuwa ya gharama ikawa ya uhai. Shawa ya umeme ya kilowati 5 huvuta takriban ampia 22 kwenye umeme wa volti 230, hivyo yapaswa kuwa na waya wake yenyewe kutoka kwenye kikatio, wa milimita 4 za mraba kwa uchache na wa 6 ikiwa mbali, pamoja na waya wa ardhi uliounganishwa kwelikweli na kifaa kinachokata umeme mkondo unapovuja, kilichopimwa miliampia 30. Malalamiko kwamba shawa haichemshi mara nyingi ni ya hesabu: nguvu hiyo huongeza nyuzi 24 kwa maji ya lita 3 kwa dakika na nyuzi 12 tu kwa lita 6, na atakaye mvua kubwa ya moto katika asubuhi ya Njombe anaidai mashine kisichowezekana. Hita ya sola haina hatari hiyo, lakini bomba lake la shaba lisiunganishwe na bomba la chuma la zinki linalofuata, maana maji yaliyopita kwenye shaba hulitoboa chuma hilo.

Hita ya gesi hutoa kaboni monoksidi inapokosa hewa ya kutosha, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua mtu akiwa amelala, na ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani kwa ajili ya kuota moto. Hita hiyo ifungwe nje ya bafu na moshi wake uelekezwe nje, na mwali wake uwe wa bluu. Mwali wa manjano ni sababu ya kuizima na kumwita fundi.

Imebaki hita ya tangi, ambayo huhukumiwa kwa kifaa chake kidogo kuliko vyote. Lita 100 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa lita 1 na nusu hivi, na panapofungwa vali ya kuzuia maji yasirudi, kama inavyohitajika mahali ambapo maji ya bomba hukatika mara kwa mara, kiasi hicho hakina pa kutokea isipokuwa kwenye vali ya usalama. Ndiyo maana vali hiyo hudondosha matone hita inapowaka, na ndiyo maana kudondosha huko ni dalili ya uzima wake. Watu wengi huona matone, hudhani ni ubovu, na huomba pazibwe. Wapo mafundi wanaokubali. Kipima joto kikifa katika tangi lililozibwa hivyo, maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa kuwa yamebanwa, na chuma kinapopasuka hugeuka mvuke kwa ghafla, mvuke ambao hujaza nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji. Vali hiyo iwe na bomba lake la kumwagia linaloteremka hadi nje bila koki wala kizibo, na wenzo wake uinuliwe mara moja kila baada ya miezi sita ili kuhakikisha haujakwama kwa magadi, hasa Dodoma na kwingineko ambako maji huacha utando mweupe ndani ya birika. Hita ya tangi isiyo na vali hiyo, au ambayo vali yake imezibwa, isipokewe kwa fundi wala isiwashwe, hata kama kila kiungo kingine ndani ya nyumba kimechomelewa kwa ustadi.