Mpango wa Menyu ya Kompyuta kwa Kiswahili

Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, twaweza kuandika barua na kupiga hesabu katika kompyuta yenye menyu za Kiswahili. Wahakiki wa kazi za namna hii wameshughulika zaidi na neno moja moja: je, ni kompyuta au tarakilishi, ni faili au jalada? Lakini menyu si kamusi. Ni orodha itafutwayo kwa jicho na kufikiwa kwa mkono, na ubora wake hauna budi kupimwa kwa hivyo viwili pia.

Tutazame kwanza orodha ya programu iliyopangwa kwa abjadi: Kalenda, Kamera, Kamusi, Kihariri, Kikokotoo, Kinasa sauti, Kivinjari. Zote zaanza kwa K. Maneno ya kukopwa yameingia humo kwa bahati tu, lakini yaliyoundwa na Kiswahili yameingia kwa kanuni, kwa kuwa ki- ndicho kiambishi cha vifaa. Hivyo herufi ya kwanza, ambayo kazi yake ni kutenga, haitengi kitu. Wanakamusi walikutana na jambo hili zamani. Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliyaweka maneno mengi ya unyambuaji chini ya kitenzi chake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilifuata abjadi. Msomaji wa kamusi aweza kutulia na kupekua. Mwenye kipanya mkononi hana subira hiyo.

Tuichukue kwa mfano pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za mto huo. Karani wa Mtwara huzoea menyu ya Kiingereza. Jamaa yake wa Palma, Msumbiji, huzoea ya Kireno. Na Kiswahili ndicho wawezacho kuuziana na kununuliana. Menyu ya Kiswahili ingewafaa wote wawili. Kwao kiambishi si kitu kigeni: lugha yao huitwa Chimakonde upande huu na Shimakonde upande wa pili. Mtu wa lugha ya namna hii hutafuta maana katika shina. Katika kikokotoo husikia kokotoa. Menyu iliyopangwa kwa ki- yampa kwanza kile kisichomsaidia. Ikimchosha, atairudia ile ya kigeni, na jasho la waundaji wa istilahi litakuwa limemwagika bure.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Katika menyu ya faili hukaa Fungua, na mistari michache chini yake, Funga. Kauli ya kutendua, ambayo twaisifu darasani kwa uchache wa sauti zake, hapa yatenga kinyume kwa herufi moja tu. Jicho lenye haraka halioni herufi moja. Watafsiri wenyewe hawana lawama kubwa, maana mara nyingi hupewa maneno katika faili bila kuyaona yamepangwa kwenye skrini.

Yafaa basi programu zipangwe kwa kazi, wala si kwa abjadi, na majina yake yawe vitenzi: Andika, Hesabu, Chora, Rekodi, Tafuta. Yaweza kusemwa kwamba amri tupu haina adabu. Lakini hapa aamuruye ni mtu na aamriwaye ni mashine. Picha ndogo kando ya jina itaonyesha kwamba hiyo ni programu. Mwaka 1954 Paul Fitts wa Marekani alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia shabaha huzidi kadiri shabaha iwavyo mbali, na hupungua kadiri iwavyo pana. Kwa hiyo zitumiwazo kila siku zikae karibu na mahali menyu ifungukapo, Fungua iwe juu kabisa, na Funga iwe chini kabisa. Na kamati yoyote isiipitishe menyu kwa kusoma orodha ya maneno tu. Kwanza iwekwe kwenye skrini mbele ya karani wa Mtwara, atazamwe mkono wake wasita wapi.