Nusu siku ku Kyoto: tuliona milango, hatukuona mupunga

Wandugu wasomi, hapa tumezoea kuchambua filimu na vitabu. Leo nachambua matembezi. Juu matembezi nayo iko namna ya kueleza: kuna mwenye kuchagua nini uone, nini usione, na kwa dakika ngapi.

Nilikuwa ku Japani kwa staji ya kilimo. Siku ya mapumziko nikalipia matembezi ya nusu siku ku Kyoto: hekalu la Fushimi Inari, kisha kazi za mikono za asili. Saa mbili munaanza, saa sita mumemaliza.

Mazuri kwanza. Muongozaji alikuwa na adabu na alitufundisha vizuri: kunawa mikono, kuinama mara mbili, kupiga makofi mara mbili, kuinama tena mara moja. Halafu torii, ile milango myekundu yenye kupanda mulima: ni maelfu, na kwa nyuma yake wameandika jina la mutu ao kampuni iliyoitoa. Uzuri wake si bongo.

Lakini mbele ya sanamu za mbweha nikaanza kushangaa. Mumoja anashika ufunguo mu kinywa, mwengine shuke la mupunga. Muongozaji akasema: “Ni wajumbe wa Inari, mungu wa biashara. Pigeni foto.” Ndiyo, leo wafanyabiashara wanamuomba sana. Ila Inari njo mungu wa mupunga kwanza! Ule ufunguo, wanaeleza kwamba ni wa ghala la muchele. Na hekalu lenyewe, ambalo mapokeo yanasema lilianza mwaka 711, liko na shamba lake: mwezi wa 6 wanapandikiza miche, mwezi wa 10 wanavuna kwa ajili ya sadaka. Hatukufika pale. Hata kulitaja, hapana.

Juu ya vichwa vyetu kulikuwa kamba nene, shimenawa, yenye kuonyesha mupaka wa mahali patakatifu. Nikauliza imetengenezwa na nini. “Majani makavu ya mupunga,” akajibu, huku anaangalia saa. Pale njo hekalu na kazi ya mikono vinakutana, na sisi tukapita! Mashine nyingi za kuvuna za leo zinakatakata majani vipande vipande, lakini musokota kamba anahitaji majani marefu, mazima. Wengine wanakata mupunga ukiwa bado mubichi, mbele ya kutoa shuke: wanaacha chakula ili wapate kamba. Agronome gani asingetaka kusikia hiyo?

Kisha karakana ya karatasi ya asili, washi. Ufundi wake, wa sehemu tatu za Japani, uliingia mu orodha ya urithi ya UNESCO mu 2014. Sisi tulichovya chekecheke ndani ya maji, kila mutu akapata kadi yake. Dakika kumi. Kukata muti wa kozo wakati wa baridi, kuupika kwa mvuke, kubandua ganda, kulichemusha, kuliponda: hakuna neno. Hata tawi moja halikuwa juu ya meza. Na ule uteute wenye kusaidia nyuzi zielee ndani ya maji unatoka mu mizizi ya mumea ulio ndugu ya dongodongo yetu. Mama yeyote wa Bukavu angeelewa mara moja, na angeuliza maswali kutushinda.

Watasema nusu siku ni kidogo. Sikubali. Mu duka la zawadi tulipewa dakika 45. Wakati ulikuwepo, walichagua vibaya. Walitenganisha maombi, mikono na udongo, ndiyo maana kamba ikabaki pambo na karatasi ikawa muchezo.

Inanihusu nini? Wengi wetu tunaandika miradi ya utalii huku kwetu, na tunaanzaka na foto. Tena, mimi mwenye licence ya agronomia nimechoka kusikia kwamba utamaduni ni ngoma na sanamu, na shamba ni kazi ya wale waliokosa ingine. Siku utamupeleka mugeni kwa musuka vikapu, anza kule wanakata nyuzi. Duka litangoja.